Gliserini ya Tanga na gliserini ya Njombe

Juni ikianza kuuma hapa Njombe, gliserini hutoka dukani kwangu haraka kuliko dawa ya kikohozi. Huja wakulima wa viazi wenye vidole vilivyopasuka, wachuma chai, akina mama waliobeba watoto wenye mashavu makavu mpaka yameota magamba. Wiki inayofuata baadhi yao hurudi na swali: "Kamwene, dokta. Ile gliserini uliyonipa, mbona nikipaka ngozi inazidi kukakamaa?" Mimi si daktari, ni mtoa dawa, ila mtaani kila anayesimama nyuma ya kaunta ya dawa huitwa dokta. Na swali lao ni la haki kabisa. Chupa ni nzuri, mtu ameitumia kama alivyoona wenzake wakitumia, na bado ngozi imemgomea. Naandika haya kwa ajili yao, na kwa ajili ya mama yeyote anayelea mtoto mwenye pumu ya ngozi, ule ugonjwa wa ngozi kavu inayowasha, kwenye mji wa baridi, maana jibu nililipata kwa kumlea mwanangu kuliko kwenye madaftari ya chuo.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nyumbani kwetu gliserini ilikaa juu ya kabati la mama, pamoja na mafuta ya nazi, udi na chupa ya marashi ya waridi. Mama akitoka kuoga alimimina kidogo kiganjani, akaongeza marashi, akasugua viganja na kujipaka uso na mikono. Kutwa nzima ngozi yake ilikuwa laini. Sisi watoto tulichokuwa tukilalamikia ni kwamba inanata, na ukienda kucheza vumbi lote la mtaa linakuganda. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusema inakausha. Jambo hilo nililisikia mara ya kwanza huku juu, na nilipolisikia niliamini mtu kauziwa chupa ya bandia.

Gliserini ni kimiminika kizito kisicho na rangi wala harufu, kitamu kwenye ulimi. Lita moja ina uzito wa kilo 1.26 hivi, ndiyo maana ukiimimina kwenye maji inazama chini kwanza kabla hujakoroga. Molekuli yake ina sehemu tatu zinazopenda maji, na ukiiacha chupa wazi hufyonza unyevu wa hewani yenyewe bila kusaidiwa. Ikiwa juu ya ngozi hufanya kazi hiyo hiyo: hushika maji kwenye tabaka la nje kabisa, tabaka ambalo sehemu nyingi za mwili ni jembamba kuliko karatasi. Tabaka hilo likiwa na maji ya kutosha hukunjika bila kuvunjika. Likikauka hupauka, huwasha, hufanya nyufa, na kupitia nyufa hizo vijidudu na sabuni huingia.

Mwili wenyewe unaijua gliserini. Mafuta yanayotoka kwenye vinyweleo yakivunjwavunjwa hutoa gliserini, na ndani ya ngozi kuna vijia vya protini viitwavyo akwaporini, ambavyo aina yake ya 3 hupitisha maji na gliserini kwa pamoja. Mmarekani Peter Agre alishiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003 kwa kugundua vijia vya maji vya jamii hiyo. Watafiti walipochunguza panya waliokosa akwaporini 3 waliwakuta na ngozi kavu, na walipowapa gliserini ukavu ule ulipungua. Ninapenda kuwaeleza hili akina mama wanaoogopa kumpaka mtoto "kemikali". Hii ni kemikali ambayo ngozi ya mtoto imezaliwa nayo.

Lakini gliserini ni kama ndoo: inabeba maji, haiyatengenezi. Lazima yatoke mahali.

Hili ndilo nililofundishwa na mwanangu. Tulihamia Njombe akiwa bado ananyonya. Msimu wa kwanza wa baridi mikunjo ya viwiko vyake na nyuma ya magoti ikaanza kuwa migumu, myeusi kuliko ngozi nyingine, yenye mikwaruzo. Usiku alijikuna mpaka shuka likawa na madoadoa ya damu. Nilimvisha soksi mikononi, akazivua kwa meno. Wapo waliosema ni maziwa yangu, wapo waliosema ni jicho la watu, na mimi, niliyekuwa nikiwashauri wenzangu kila siku juu ya dawa, nililala nimekaa, mtoto kifuani, mkono wangu umeshika mikono yake miwili. Mama mwenye mtoto wa pumu ya ngozi anajua usingizi unavyoadimika. Anajua pia namna watu wanavyokutazama kwenye daladala, kana kwamba humuogeshi mtoto.

Hospitali tulimkuta mtaalamu wa ngozi aliyesomea Moshi, kwenye kile kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo kwenye hospitali ya rufaa ya KCMC tangu mwaka 1992, ambacho kimefundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika. Alimkagua mtoto polepole, akamgeuza, akapapasa mgongo. Kisha akaniuliza: "Mama, wewe unatoka pwani?" Nikamwambia ndiyo. Akasema: "Pwani hewa inakusaidia. Huku maji uyaweke mwenyewe, halafu uyafungie."

Maneno hayo nimeyarudia kwa wateja wangu mpaka leo, kwa sababu yamebeba kila kitu. Tanga hewa ina maji tele. Gliserini kidogo kwenye ngozi inapata unyevu muda wote, kutoka hewani na kutoka kwenye jasho. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Julai kuna asubuhi tunaamka sakitu, ule umande ulioganda kwa baridi, imetanda mabondeni. Hewa ya baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi wa maji. Ukiingia nayo ndani ukaipasha kwa jiko, joto linapanda ila maji hayaongezeki, na hewa hiyo inakuwa na kiu: inanyonya kila chenye unyevu, kuanzia nguo zilizoanikwa hadi midomo ya mtoto. (Jiko la mkaa lisilale chumbani na watu milango ikiwa imefungwa. Gesi yake haionekani, haina harufu, na inaua. Nalisema hili kila baridi, na nitaendelea kulisema.) Sasa paka gliserini tupu kwenye ngozi kavu ndani ya hewa ya namna hiyo. Hewani hakuna cha kuvuta, basi maji inayoyapata ni yale yanayopanda kutoka tabaka za chini za ngozi yako mwenyewe, na yakifika juu hewa inayachukua. Unabaki unanata juu na kukakamaa chini. Mteja wangu hakudanganywa na chupa. Amepaka kwa namna ya pwani mahali pasipo pwani.

Mtaalamu yule alitupangia utaratibu ambao haukuwa na kitu cha ajabu hata kimoja. Kuoga kwa muda mfupi, maji ya uvuguvugu, si ya moto, maana maji ya moto hubeba mafuta ya asili ya ngozi. Kumkausha kwa kugusagusa na taulo badala ya kusugua, na kuacha ngozi ikiwa bado na majimaji. Hapo hapo, kabla hajavaa, krimu yenye gliserini mwili mzima. Juu yake mafuta ya mgando, yale ya kawaida kabisa yasiyo na manukato. Mafuta ya mgando hayavuti maji. Kazi yake ni kuziba njia ili maji yaliyoshikwa na gliserini yasiondoke. Kwenye sehemu zilizovimba tulipewa krimu nyepesi ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ya kupaka kwa siku tulizoelekezwa na kuacha.

Nilimuuliza kwa nini krimu ya gliserini na isiwe ya yurea, ambayo nilikuwa nikiiuza kwa watu wenye ngozi ngumu. Akanieleza kwamba yurea huchoma kwenye ngozi iliyojikunwa, na mtoto akishachomwa mara moja atakimbia kila akiona kopo. Baadaye nilisoma utafiti wa Sweden wa mwaka 2002 uliolinganisha krimu ya gliserini ya asilimia 20 na krimu yenye yurea kwa wagonjwa wa pumu ya ngozi, nao ulionyesha hilo hilo: waliopaka ya gliserini walilalamika kuchomwa kwa uchache zaidi.

Mwanangu hakupona. Pumu ya ngozi hutulia na kurudi, na yeyote anayekuuzia kopo la kuimaliza anakuuzia uongo. Ila alilala. Na akilala mtoto, nyumba nzima inalala.

Kwa asiyeweza kununua krimu, gliserini ya chupa inatosha, mradi isipakwe tupu. Gliserini tupu kwenye nyufa huwaka kama pilipili, kwa sababu inavuta maji kwa nguvu kutoka kwenye nyama iliyo wazi. Nawashauri watu kijiko kimoja cha gliserini kwa vijiko vinne vya maji yaliyochemshwa yakapoa. Losheni na krimu nyingi za dukani huwa na gliserini kati ya asilimia 5 na 20, kwa hiyo kipimo hicho kiko palepale. Changanya kidogo, cha siku mbili tatu, kwenye chupa safi yenye kifuniko. Gliserini ikiwa peke yake haiozi kirahisi, maana vijidudu vinakosa maji ya kuishi. Ukishaiongezea maji umevikaribisha. Nimewahi kuletewa chupa ya mchanganyiko uliokaa wiki nyingi dirishani, una utelezi na utando mweupe, na mama mwenyewe anaendelea kumpaka mtoto kwa sababu "si ni gliserini tu". Mwaga, osha chupa, changanya upya. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kutibu majipu.

Sabuni nayo ina habari yake, na hapa nina deni kwa akina mama wa kikundi cha jirani wanaotengeneza sabuni za vipande kwa mafuta ya mawese na kostiki, ile kemikali kali ya kutengenezea sabuni. Mafuta yakikutana na kostiki, yanagawanyika: sehemu kubwa inakuwa sabuni, na sehemu inakuwa gliserini. Kilo 100 za mafuta hutoa karibu kilo 10 za gliserini. Ndivyo ilivyogunduliwa pia, kwa njia inayofanana na hiyo: mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, aliipata mwaka 1779 akichemsha mafuta ya zeituni na oksidi ya risasi. Viwanda vikubwa huitenga gliserini kutoka kwenye sabuni kwa kutumia chumvi na kuiuza pembeni, kwa sababu ina soko lake kwenye dawa, vipodozi na chakula. Sabuni ya akina mama wale haitengwi kitu. Gliserini yake yote imo ndani. Nilipoacha kumuogeshea mwanangu sabuni ya kufulia, kama wafanyavyo wengi hapa kwa kuamini inaua vijidudu, nikahamia kipande chao kilichokauka vizuri kwa wiki kadhaa, ngozi haikubana tena baada ya kuoga. Sabuni yao ikiuzwa mbichi, kostiki ikiwa haijaisha, inababua. Wao wanalijua hilo na hawaitoi kabla ya wakati. Nawaheshimu sana.

Jambo linaloniumiza zaidi kwenye kazi hii ni limao. Wasichana huja kununua gliserini na marashi ya waridi kwa pamoja, na nikiuliza naambiwa vitachanganywa na limao au ndimu ili uso uwe mweupe. Maelekezo hayo yanapita kwenye simu kila siku. Gliserini haibadilishi rangi ya ngozi. Inachofanya ni kuondoa ule uweupe wa majivu wa ngozi iliyopauka, ngozi ikapata maji na kuakisi mwanga vizuri, na mtu akajiona amenawiri. Hilo ni jema na linatosha. Limao ndilo linaloharibu: tindikali yake inachubua, na ndani ya jamii ya ndimu na malimao kuna kemikali ambazo zikiwa kwenye ngozi na jua likazipiga huleta kuungua, halafu doa jeusi linalokaa miezi. Msichana aliyetafuta weupe anarudi na mabaka. Akirudi hivyo, mtaani wapo wanaomngoja na mkorogo wenye haidrokwinoni, steroidi kali au zebaki, vitu vilivyokatazwa kwenye vipodozi vya Tanzania na bado vinauzwa kwa siri. Zebaki huharibu figo. Kwa hiyo binti akiniomba gliserini na marashi, namuuzia, halafu namuomba dakika mbili, na dakika hizo sijawahi kuzionea uvivu. Wengine wananisikiliza kwa heshima na kuondoka na limao lao. Wengine hurudi baada ya muda kuninong'oneza, "Dada, ulisema kweli."

Mteja mmoja mzee aliniuliza kama kweli gliserini hutengeneza baruti. Baruti ya aina hiyo inataka gliserini ichanganywe na asidi kali hadi iwe nitrogliserini, ile ambayo Alfred Nobel aliitia ndani ya baruti yake iitwayo dainamiti mwaka 1867, na ambayo mpaka leo ni dawa ya maumivu ya kifua kwa wagonjwa wa moyo. Chupa ya kabatini hailipuki. Lakini kuna hatari moja ya kweli ambayo wachache wanaijua: gliserini ikigusana na pamanganeti, zile chembe za zambarau za kuoshea vidonda, huwaka moto yenyewe baada ya muda mfupi, bila kiberiti. Maduka ya dawa huuza vyote viwili, na wagonjwa wa ngozi huandikiwa vyote viwili. Kwangu havikai rafu moja wala haviingii mfuko mmoja.

Na gliserini inunuliwe ikiwa na lebo, yenye herufi BP au USP zinazoonyesha kwamba imefikia kiwango cha dawa, yenye tarehe na jina la mtengenezaji. Waoka keki hununua kwangu ya kulainishia urembo wa sukari, na hao ndio ninaowasisitizia zaidi, kwa kuwa yao inaliwa. Huko Haiti, mwaka 1995 na 1996, zaidi ya watoto 80 walikufa baada ya kunywa dawa ya homa iliyotengenezwa kwa gliserini iliyochanganyika na dietilini glaikoli, kimiminika kitamu na kizito vile vile, kinachoua figo. Mwaka 2006 Panama ilipatwa na msiba wa aina hiyo hiyo. Kwa macho na ulimi huwezi kuvitofautisha. Gliserini inayopimwa kutoka kwenye dumu lisilo na maandishi, hata iwe nusu bei, mimi siinunui.

Kwenye losheni, geuza kopo usome. Viambato huandikwa kwa kufuata wingi, kilicho kingi kikitangulia. Ukiona maji, ambayo huandikwa Aqua, kisha Glycerin ikiwa ya pili au ya tatu, hiyo ni losheni inayofanya kazi, hata kama kopo ni la bei ya chini na halina picha ya mwanamke anayeng'aa. Ukiikuta Glycerin mwishoni kabisa, baada ya manukato, basi sifa za gliserini zilizochorwa mbele ya kopo hazina uzito. Nimewaonyesha hivi wateja wengi, na wapo waliorudisha rafuni kopo la bei kubwa na kuchukua la bei ndogo. Mauzo yangu yalipungua siku hizo. Wateja hawakupungua.

Magaga nayaweka mwisho kwa kuwa ndiyo yanayowatesa watu wa huku kwa kimya, hasa wanaoingia shambani bila viatu au kwa ndala. Kisigino kina ngozi nene isiyo na tezi za mafuta, hivyo kikikauka hupasuka kwa kina. Loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu jioni, sugua taratibu kwa jiwe la kusugulia, usikate kwa wembe. Ikiwa bado mibichi, paka gliserini yako yenye maji, kisha mafuta ya mgando kwa wingi, vaa soksi za pamba ulale nazo. Magaga yaliyokomaa yanataka krimu ya yurea ya asilimia 10 au zaidi, na hapo yurea inafaa kuliko gliserini kwa kuwa inalainisha ngozi ngumu. Mwenye kisukari asiguse jiwe wala asiloweke miguu kwa muda mrefu. Ufa mdogo kwake unaweza kugeuka kidonda asichokisikia. Huyo namuuzia mafuta ya mgando na soksi, namuandikia kwenye karatasi siku ya kliniki ya kisukari, na nampigia simu siku ikifika.